Raonaid wa Majina na Kilima Kilichorukwa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa Garasta, na ninyi mliovuka maji ili kuzika pamoja nasi, kabla jeneza halijanyanyuliwa familia imeomba nafasi ndogo, nayo imeiomba hapa ukumbini na si kanisani, kwa kuwa kwetu marehemu hasifiwi mbele ya mimbari, na marehemu mwenyewe alikuwa mkali sana katika jambo hilo, alizoea kusema kwamba mtu akishakufa asipakwe sukari, zisomwe tarehe na mahali, basi. Tumejitahidi kumtii. Pale tulipozidisha maneno mtuwie radhi, maana aliyeandika ni binti yake Iseabail, ndiye anayewasomea, na hakuna asiyejua humu ndani kwamba ukoo huu haukujaliwa kipaji cha kunyamaza.

Marehemu Raonaid NicAmhlaigh, ambaye hapa kijijini ni Raonaid binti Aonghas wa Iain Mweupe, na ambaye watoto wa shule walimwita Raonaid wa Majina, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Julai 1936 kwenye kambi za malisho za kiangazi, huko nyikani, akiwa mtoto wa mwisho wa Garasta kuzaliwa huko, mama yake akiwa Seonaid na baba yake Aonghas, baharia, ambaye siku hiyo meli yake ilikuwa mahali fulani upande wa pili wa dunia. Ilikuwa desturi wanawake kupanda na ng'ombe kila kiangazi, Seonaid naye hakukubali kubaki nyumbani na viazi eti kwa sababu ana mimba, na mtoto akaja mwezi mzima kabla ya wakati wake. Asubuhi hiyohiyo Seonaid alifariki, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Cheti cha kuzaliwa cha marehemu kinasema tu, "Nyikani, Garasta," na nyika ya Garasta, kama mjuavyo, mtu anaweza kuitembea tangu asubuhi na jioni akajikuta bado yumo ndani yake.

Alilelewa na shangazi yake Ceiteag, katika nyumba ileile ambayo familia imelala na jeneza kwa siku mbili hizi, na shangazi Ceiteag, kwa wale wasiomkumbuka, alikuwa mwanamke wa mikono miepesi na mdomo mzito, aliyemfundisha mtoto kuoka mkate wa shayiri, kukamua, kusali na kufuma soksi bila kuangalia sindano, lakini kuhusu mama yake alisema maneno mawili tu, "Alifia nyikani," kisha akakoroga chungu hata kama hakikuhitaji kukorogwa. Baba alirudi nyumbani mara mbili, akamletea mwanasesere mara ya kwanza na machungwa mara ya pili, na tarehe 20 Februari 1942 meli yake ilizama vitani pamoja naye, hivyo Raonaid akabaki na maswali na asiwe na mtu wa kumuuliza.

Elimu ya msingi aliipata hapahapa Garasta kuanzia mwaka 1941 hadi 1948, akaendelea na sekondari mjini Steòrnabhagh, hapahapa kisiwani kwetu Leòdhas, akilala bweni, na huko bwenini ndiko alikopata jeraha ambalo wengi wenu hamkulijua hadi leo. Msichana mmoja wa kijiji kingine, ambaye hatutamtaja kwa kuwa naye ameshatangulia, alimgombania kitanda cha karibu na jiko la joto, na aliposhindwa akamwambia mbele ya wenzao, "Ringa tu. Mama yako alikufa kama kondoo, peke yake kwenye ukungu, wakamkuta ameshapoa na wewe unalia." Raonaid hakumsimulia mtu, na kwa kuwa hakumsimulia mtu hapakuwa na wa kumwambia kwamba si kweli. Kuanzia siku hiyo ukungu ukishuka alifunga mapazia, hata mchana, hata akiwa darasani na watoto thelathini wanaoandika, na swali alilolibeba tangu akiwa na miaka kumi na mitatu lilikuwa moja, mama aliniona, au alikufa hajaniona?

Mwaka 1954 alijiunga na chuo cha ualimu mjini Aberdeen, akahitimu mwaka 1957, akafundisha Glasgow miaka mitatu ambayo aliielezea kwa kifupi kuwa ni mvua isiyokuwa na bahari, kisha mwezi Agosti 1960 akarudi kufundisha katika shule aliyosomea, na hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 1996, kiasi kwamba nusu ya waliomo ukumbini humu walifundishwa kuandika naye na nusu nyingine walisimamishwa kwenye kona naye.

Tarehe 18 Agosti 1961 alifunga ndoa na marehemu Tormod MacLeòid, mfumaji wa vitambaa vya sufu, mtu wa maneno machache na miguu yenye kelele, maana mtambo wake wa kufumia, unaokanyagwa kwa miguu, ulisikika hadi kwa jirani wa tatu, na walijaliwa watoto wawili, Iseabail aliyezaliwa mwaka 1963 na Coinneach aliyezaliwa mwaka 1967, ambaye amefika jana kutoka Kanada na bado macho yake hayajaamua ni saa ngapi. Wameacha wajukuu wanne. Tormod alisema kuwa usiku wa harusi yake bibi harusi alimwambia mambo mawili, kwamba hapendi mtu anayekunywa chai kwa kelele, na lile la bwenini, na kwamba kuhusu la kwanza alijirekebisha na kuhusu la pili hakujua afanye nini ila kumshika mkono.

Sasa tufike kwenye kazi ambayo kwayo wageni wengi wamekuja. Mwaka 1972 chama chetu cha historia kiliamua ichorwe ramani ya Garasta ya zamani, yenye majina ya Kigaeli ya kila jiwe, kijito na bonde pamoja na maana zake, kwa kuwa wazee waliochunga nyikani walikuwa wakiondoka kila msimu wa baridi na kila mmoja akiondoka na kipande chake cha nchi, na kwa kuwa mwalimu ana sauti ya kuuliza, kazi ya kukusanya ikamwangukia Raonaid. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kinasa sauti kizito kama sinki, akikiweka mezani kati ya siagi na jibini, na kila mtu alimuuliza maswali matatu yaleyale, panaitwaje, maana yake nini, na wewe nani alikuambia. Akijibiwa kwa kubahatisha aliandika kuwa ni bahatisho, na asipojibiwa aliacha pengo, na mchora ramani wa Edinburgh alipomwomba ayajaze mapengo kwa majina yanayofanana na nchi alimwambia, "Bwana, nafasi tupu haijamdanganya mtu. Iache."

Mapengo yalipungua mwaka hadi mwaka, likabaki moja lililomsumbua, nalo ni kilima kidogo cha majani mabichi upande wa pili wa Àth nan Each, yaani Kivuko cha Farasi, kilima ambacho kila mtu alikijua kwa macho na hakuna aliyekitaja kwa jina. Wazee walimtajia kijito kilichopo kulia kwake na jiwe lililopo kushoto kwake, na wakifika hapo kati mmoja alikohoa, mwingine akakumbuka kondoo wake, mwingine akasema chai imepoa, na Raonaid, ambaye darasani alimjua mtoto mwongo kwa kumwona kisogo, safari hiyo hakuelewa kitu, akaandika kwamba jina limesahaulika. Lakini moyoni hakuwa na raha. Alimwambia Tormod anaogopa kwamba jina lipo na ni baya, na kwamba watu wa Garasta wanaona aibu kwa jambo walilolifanya hapo, au ambalo hawakulifanya.

Aliyebaki wa kuuliza alikuwa mmoja, Bibi Ciorstaidh, mkongwe wa miaka themanini na tisa, mwanamke wa mwisho aliyelala kambini tangu utotoni, aliyeishi nyumba ya mwisho kabla ya nyika na kuvuta kiko kwa siri ambayo kijiji kizima kiliinusa. Wakati wa masika ya 1979 Raonaid alikaa naye jikoni, kinasa sauti kinazunguka, na Bibi Ciorstaidh akayataja majina kwa mfuatano kuanzia mlangoni pake, Clach na Tì ambayo ni Jiwe la Chai, Lag a' Cheò ambalo ni Bonde la Ukungu, hadi Kivuko cha Farasi, hapo akanyamaza. Raonaid akamwomba aendelee. "Mwanangu," akasema, "mimi majina siyajui kwa kichwa, nayajua kwa miguu, na miguu yangu ndiyo hiyo unaiona, imestaafu kabla yangu. Nipelekeni kulekule nitawaambia yote. Hapa jikoni nitakutajia masufuria tu."

Njia ya gari hakuna, farasi alikwishauzwa siku nyingi, na nyika yetu ni ya udongo mweusi unaomeza mguu hadi goti, kwa hiyo ikabaki namna moja, kumbeba, na hapo ndipo kijiji kilipogawanyika. Kwetu jeneza hubebwa na wanaume kwa mistari miwili, wa mbele akibeba kidogo anarudi nyuma na aliye nyuma anasogea mbele, hivyo kila mtu anamgusa marehemu njiani, na desturi hiyo ni ya wafu peke yao. Kumbeba mtu mzima aliye hai kwa mtindo huo ni kumpigia mbiu mauti. Mzee Murchadh wa kanisani, baba wa watu wengi waliomo humu, alikuja hadi jikoni kwa Raonaid na kofia yake mkononi, akasema, "Mwalimu, ninakuheshimu, lakini aliye hai habebwi. Mkimbeba Jumanne, Ijumaa tutambeba tena, na safari hiyo hatarudi. Damu yake itakuwa juu ya ramani yako."

Raonaid hakulala raha siku zile, na aliridhia leo tuseme kwamba alikaribia kuiacha kazi, kwani hakuwa tayari kuua mtu kwa ajili ya kilima. Aliyemaliza ubishi ni Bibi Ciorstaidh mwenyewe, alimwita Murchadh dirishani akamwambia watu wakisikia, "Murchadh, wewe nilikubeba mgongoni ukiwa na nepi, siku mama yako ana homa, kutoka hapa hadi kwa bibi yako. Ulikuwa hai. Na hukufa, bahati mbaya." Watu wakacheka, Murchadh akaweka kofia kichwani akaondoka, na Jumanne, tarehe 12 Juni 1979, alikuwa wa kwanza kufika, akasema haji kubeba, anakuja kuwa karibu tu, maana atahitajika.

Kiti cha jikoni kilifungwa kwenye makasia mawili, Bibi Ciorstaidh akafungwa kwenye kiti kwa shali, na wanaume wakampokezana kwa mistari miwili, Tormod akiwa mbele na Raonaid ubavuni na kinasa sauti begani, na yule bibi akawa anataja majina kushoto na kulia kama mtu anayesalimia jamaa zake kanisani, hapa ni Kijito cha Kikongwe, na msiniangalie mimi, kiliitwa hivyo kabla sijazeeka, pale ni Ziwa la Mbuzi, pale alianguka Iain Mfupi akiwa amelewa ndiyo maana pana jina lake. Majina ambayo hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo yaliingia kwenye ule utepe moja baada ya jingine. Walipovuka Kivuko cha Farasi sauti ikafifia, kisha ikakoma, na Tormod alipogeuka alimwona bibi kichwa kimelala kifuani na mikono imeteleza.

Wanaume wakashusha kiti taratibu kwenye majani, wakavua kofia zao, hakuna aliyemtazama Raonaid, naye alipiga magoti kwenye tope akashindwa hata kulia, akakaa ameshika miguu ya yule bibi iliyovaa soksi mbilimbili, akiwaza kwamba ameua, na kwamba amemuua mbele ya kilima kilekile, maana kwa kweli walikuwa wamefika chini ya kile kilima kisicho na jina. Murchadh alisogea, akasafisha koo, akaanza zaburi kwa sauti ya chini, na wengine wakamfuata ubeti wa kwanza wote. Walipofika wa pili, Bibi Ciorstaidh akafumbua jicho moja. "Mkimaliza," akasema, "nipeni chai. Mmenitikisa kama mtoto kwenye susu, mtu asilale?"

Murchadh, kwa heshima yake, alimalizia ule ubeti, akasema zaburi haikatwi katikati, lakini waliokuwepo wanasema sauti ilikuwa inatetemeka kwa kicheko, na ni yeye aliyemimina chai. Ilikuwa nafuu kubwa, na wanaume walicheka hadi wakakaa chini. Ndipo Bibi Ciorstaidh akawaamuru wote wahamie nyuma ya jiwe na chupa zao, akabaki na Raonaid peke yake, akamwambia afunge ile mashine kwanza.

Aliyomwambia, Raonaid aliruhusu yasomwe leo, na tunayasoma kama alivyoyasema. Alimwambia, "Kibanda kilikuwa hapa ulipopiga magoti. Tulikuwa watatu na mama yako, mimi, dada yangu Mairead, na mama yake Murchadh, na hatukumwacha hata dakika moja. Hakukuwa na ukungu. Kulikuwa kweupe, unaona hadi baharini. Ulipotoka hukulia, ulipiga chafya, chafya moja kubwa ya kizee, na mama yako akacheka. Akasema, tazameni, hata kuvaa hajavaa na tayari ana mafua ya Leòdhas. Alikucheka sana, akakushika hapa, kifuani, mpaka ng'ombe wa mwisho akakamuliwa. Damu haikusimama, tulijaribu kila tulichokijua. Yeye alijua. Akatuambia, msimwambie nilifia hapa, mwambieni nilicheka hapa, na akikua mleteni mumwonyeshe. Tukapaita Cnoc a' Ghàire, Kilima cha Kicheko."

Shangazi Ceiteag, Bibi Ciorstaidh akaendelea, aliposikia wosia huo alisema nusu ya habari haisimuliki, ukimwambia mtoto kicheko atauliza kilichofuata, kwa hiyo asiambiwe chochote, na akakiapisha kijiji kizima, nacho kikaapa kwa sababu kilimpenda yule mtoto na kumhurumia shangazi aliyempoteza wifi yake kipenzi. Kila mara Raonaid alipoingia na kinasa sauti chake wazee walikiruka kile kilima kwa upendo, wakidhani wanamlinda, na yeye aliyekuwa akirukwa akadhani wanamficha aibu. Ceiteag alikuwa amefariki Novemba ya mwaka uliotangulia, na kiapo, kwa hesabu za Bibi Ciorstaidh, kilikuwa kimezikwa naye. "Nikajiambia nisipofika nikafa, mama yako atanipokea na fimbo mlangoni," akasema. "Sasa washa mashine yako, niseme jina."

Utepe huo upo, na aliyetaka kuusikia amewahi kuusikia. Kuna upepo, kuna wanaume wanaocheka kwa mbali nyuma ya jiwe, na kuna sauti ya kikongwe inayosema, "Cnoc a' Ghàire," mara moja tu, kwa utulivu. Katika mamia ya majina yaliyonaswa kwa miaka saba, hilo ndilo peke yake ambalo Raonaid hakuuliza maana yake, wala hakuuliza nani alikuambia. Tormod alisema mkewe alirudi akitembea mbele ya kiti, matope hadi kiunoni, akizungumza na kila mtu, na kwamba wiki iliyofuata ukungu mzito ulishuka kijijini, naye akaingia jikoni akamkuta amefungua mapazia na anamenya viazi huku anautazama. Sisi watoto tulidhani amenunua mapazia mapya, tukayatafuta.

Bibi Ciorstaidh hakufa Ijumaa ile. Aliishi hadi tarehe 5 Januari 1983, akamzika Murchadh miaka miwili kabla yake, na inasemekana alimwambia mchungaji kwamba Murchadh alikuwa mtu mwema ila haraka zake ndizo zilizomponza. Ramani ilikamilika na kuzinduliwa katika ukumbi huu tarehe 3 Mei 1986, ndiyo hiyo iliyopo ukutani nyuma yenu, na mapengo bado yamo mengine, kwani hakuwahi kuyajaza, lakini si pale upande wa pili wa Kivuko cha Farasi.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi Machi 2017 alipopata kiharusi, akapoteza nguvu za upande wa kulia na sehemu kubwa ya maneno ya kawaida, akawa anashindwa kuomba kikombe, lakini majina ya nyika yalibaki, na alipolazwa aliyarudia kwa mfuatano siku nzima. Daktari kijana, mgeni wa kisiwa, alihofu kwamba anaweweseka, na Iseabail akalazimika kumweleza, "Haweweseki, daktari, anatembea. Sasa hivi yuko kivukoni, msubiri avuke ndipo umpime presha." Tunamshukuru yule daktari, kwani kuanzia siku hiyo alisubiri, na baadaye akawa anauliza kwanza amefika wapi.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa mwezi huu, tukaruhusiwa kumrudisha nyumbani, na Alhamisi, tarehe 11 Oktoba 2018, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, Raonaid alifariki kitandani mwake, dirisha likiwa wazi na wanawe wote wawili wakiwa wamemshika, Coinneach kwa simu na Iseabail kwa mkono. Hatutasema alikufa akicheka, angetukaripia kwa kupamba. Alikufa ametulia, na hakufa peke yake, na jambo hilo la pili tunajua lilikuwa na uzito gani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wauguzi wa usiku waliojifunza kutamka Àth nan Each vizuri kuliko baadhi ya wajukuu zake, inawashukuru majirani walioleta supu, mikate na viti, na wale waliokuja kukesha na kuimba zaburi jioni zote mbili, inawashukuru walimu wenzake, wanachama wa chama cha historia, waliochimba kaburi kwenye mvua, na kila mzee aliyewahi kumfungulia mlango na kinasa sauti chake, pamoja na wale waliokohoa na kuomba chai walipofika kwenye kile kilima, kwani aliwasamehe siku ileile, na mara nyingi aliwacheka.

Lipo ombi lake moja, nalo ndilo la mwisho. Tutakapobeba, tutapita barabara ya juu, na pale kwenye lango la ng'ombe ambapo nyika inaonekana mistari yote miwili isimame kidogo, wanawake kwa wanaume, na kwa muda huo ameomba watoto wasinyamazishwe, wakitaka kucheka wacheke. Tumetazama nje kabla ya kuanza kusoma, na ukungu umeshuka hadi kwenye uzio, kwa hiyo Cnoc a' Ghàire leo hakitaonekana. Haidhuru. Tunajua kilipo.

Pumzika kwa amani basi, Raonaid binti Seonaid, uliyepokelewa kwa kicheko, na sasa tunyanyue.